Ngazi Tunaikumbuka, Uzazi Tumeusahau

Kabla mazungumzo hayajaanza, mpiga zumari anaambiwa atoke. Ni mwaka 416 KK, mjini Athens, nyumbani kwa Agathon, mtunzi wa tanzia aliyetoka kushinda mashindano yake ya kwanza. Wageni bado wana uchovu wa pombe ya jana, kwa hiyo daktari Eryximachus anapendekeza usiku huu wasishindane kunywa. Kila mtu atoe hotuba ya kumsifu Eros, mungu wa mapenzi. Na huyu binti wa zumari, anasema, akajipigie mwenyewe, au akipenda akawapigie wanawake huko ndani.

Sentensi moja tu, na chumbani wanabaki wanaume peke yao.

Ajabu ya kitabu hiki, Symposium cha Plato, ambacho tunaweza kukiita Karamu, ni kwamba hotuba inayokibeba ni ya mwanamke, na inahusu mimba. Zamu ya mwanafalsafa Socrates inapofika anasema yeye hana lake. Anarudia tu aliyofundishwa zamani na Diotima wa Mantinea, mwanamke mwenye hekima ambaye, kwa maelezo yake, aliwahi kuwaelekeza Waathene watoe kafara na tauni ikacheleweshwa miaka 10. Wanawake wametolewa mlangoni, na mmoja wao amerudi kupitia kinywa cha Socrates. Kuhusu hilo wasomaji wamegombana sana, na nitalirudia.

Kwanza nianze na kile ambacho karibu kila mtu anakumbuka, yaani ngazi. Mtu anaanza kwa kupenda mwili mmoja mzuri. Anatambua kuwa uzuri wa mwili huu na wa ule ni ndugu, anapenda miili yote mizuri, kisha anapanda kwenye nafsi, kwenye mienendo na sheria, kwenye elimu, mpaka ghafla anauona Uzuri wenyewe, usiozaliwa wala kufa, usiokua wala kunyauka. Humo ndimo lilimotoka jina la mapenzi ya Kiplato, lililoenezwa na Marsilio Ficino wa Florence katika karne ya 15, na ambalo siku hizi lina maana ya watu wawili wanaopendana bila kulala pamoja. Muulize aliyepitia falsafa kidogo chuoni Plato anasema nini kuhusu mapenzi, atakujibu: achana na mwili, panda juu. Sitasema kwamba huyo ameongopa. Ameruka kurasa tatu.

Katika kurasa hizo Diotima ameshamshusha Eros cheo. Si mungu, kwa sababu mungu hakosi kitu, na apendaye hutamani asichokuwa nacho. Eros ni kiumbe wa katikati, mkalimani na mshenga baina ya miungu na watu. Mama yake ni Penia, yaani ufukara. Baba yake ni Poros, ujanja wa kupata njia. Mimba ilitungwa siku ya sherehe ya kuzaliwa kwa Aphrodite, baba akiwa amelala bustanini kwa Zeus, amelewa, na mama akiwa amekuja mlangoni kuomba makombo. Ndiyo maana Eros ni peku, hana kwao, analala vizingitini, na bado ni mjanja kama mwindaji.

Kisha Diotima anauliza jambo ambalo hatuna desturi ya kuliuliza. Sawa, mtu anapenda kizuri. Anakipenda ili iweje? Socrates anakwama, na mwanamke anajibu mwenyewe: mapenzi si ya uzuri, Socrates, kama unavyodhani. Ni ya kuzaa ndani ya uzuri.

Naomba tukae hapo kidogo. Watu wote, anasema, wana mimba, ya mwili na ya nafsi, na wakifika umri fulani maumbile yao hutamani kuzaa. Penye ubaya haiwezekani. Mwenye mimba akikaribia kibaya hununa, hujikunja, hurudi nyuma, akakizuia alichobeba na kuteseka nacho. Akikaribia kizuri hulainika, huchangamka, hufunguka, akazaa. Uzuri ndiye Eileithyia, asema, na Eileithyia alikuwa mungu wa kike wa Wagiriki aliyesimama kando ya mzazi. Uzuri, basi, ni mkunga. Hauchukuliwi ukawekwa kabatini. Unasimama kando yako mpaka kilichomo ndani yako kitoke.

Msomaji wa Kiswahili ana mtaji hapa ambao wenzake wengi hawana. Mwanamke akizaa tunasema amejifungua, na kule kujikunja na kulainika anakokueleza Diotima kumo ndani ya kitenzi hicho. Kizazi kwetu ni kiungo cha ndani ya mwili wa mama, na ni rika zima la watu wanaofuata baada ya wazee wao. Neno moja linashika tumbo na historia. Na uzuri? Neno la Kigiriki kalon limewatoa jasho watafsiri wa Ulaya, kwa sababu kwao msichana mzuri na sheria nzuri havikai kwenye neno moja bila kulazimishwa. Kwetu sura nzuri, tabia nzuri, sheria nzuri, hakuna anayekodoa macho. Kile kipago cha ngazi ambacho wanafunzi wa kwingine wanakiona kimeoza, sisi tunakikanyaga bila kutazama chini.

Baada ya hapo Diotima anaenda kwa wanyama. Waangalie, anasema, wa miguu na wa mabawa, jinsi wanavyougua wakati wa kupandana, na jinsi wanavyolea: aliye dhaifu kabisa yuko tayari kupigana na mwenye nguvu kabisa kwa ajili ya makinda, kukaa na njaa ili wao wale, hata kufa. Binadamu unaweza kusema anapiga hesabu. Mnyama je? Jibu lake ni kwamba kiumbe afaye anatafuta, kadiri awezavyo, kuwepo daima, na hana njia nyingine ila kuacha kipya mahali pa kikuukuu.

Mpaka hapo wengi wanatikisa kichwa kukubali. Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko chochote katika kitabu kizima, na sijui kwa nini hakisomwi zaidi. Tunasema mtu ni yuleyule tangu utotoni hadi uzeeni, anasema Diotima, na kumbe hakai na vitu vilevile hata siku moja. Nywele, nyama, mifupa, damu, vyote vinapotea na kuzaliwa upya. Si mwili tu. Mienendo, tabia, maoni, tamaa, raha, huzuni, hofu: hakuna kinachobaki kilekile ndani ya mtu, vingine vinakuja, vingine vinakufa. Na la kushangaza zaidi, hata elimu. Kwa nini mtu hudurusu? Kwa sababu elimu inatoroka. Kudurusu ni kuweka kumbukumbu mpya mahali pa ile iliyoondoka, ili elimu ionekane ni ileile.

Darasa la sita nilihifadhi shairi la beti 20. Nikijaribu leo napata nne, na ya tano inakuja na vina vya shairi jingine. Nikikaa jioni moja nikalirudia lote, je, nitakuwa nimelirudisha lile la darasa la sita, au nitakuwa nimezaa jingine linalofanana nalo? Diotima anasema la pili. Na akiwa sahihi, matokeo yake ni makubwa kuliko anavyoyataja mwenyewe. Kawaida tunadhani kuna mtu anayedumu, halafu, kwa kuwa hatimaye atakufa, anapata mtoto kama fidia, nakala ya akiba. Kwa Diotima hakuna huyo anayedumu kwanza. Mimi wa leo ni mtoto wa mimi wa jana. Kudumu kwangu mpaka kesho na kudumu kwangu ndani ya mwanangu ni kazi ileile, ikifanywa mara moja kimyakimya usingizini na mara nyingine kwa kelele na damu. Uzazi hauji mwisho wa maisha kuziba pengo la kifo. Ndiyo namna yenyewe ambayo chochote chenye uhai kinaendelea kuwepo, toka kuku hadi mwanafunzi anayekesha na daftari.

Ndiyo maana nasita mtu anapoiita mimba ya nafsi sitiari. Sitiari inatoka mahali kwenye maana halisi na kwenda pa kuazima. Diotima anatoa kanuni moja, kisha anaionyesha kwenye nywele, kwenye kumbukumbu, kwenye ndege, kwa mama, kwa mtunga sheria.

Sasa tuwape nafasi wanaosema huu ni wizi, maana hoja yao ina uzito. Mwaka 458 KK, katika tamthilia ya Aeschylus, mungu Apollo alisimama mbele ya hadhira ya Athens na kusema kwamba mama si mzazi wa yule anayeitwa mtoto wake. Ni mlezi tu wa mbegu iliyopandwa. Anayezaa ni yule anayepanda. Na ushahidi wake alikuwa Athena, aliyesimama palepale, mungu wa kike asiye na mama. Mama si mzazi: kwa Kiswahili sentensi hiyo inajikata ulimi yenyewe. Kwa mkosoaji, Plato anaendelea pale Apollo alipoishia. Apollo alimpokonya mama haki ya kuitwa mzazi. Plato anachukua hata mimba na uchungu, anawagawia wanaume waliojilaza kwenye makochi. Mimba za chumba kile hazina kichefuchefu. Hakuna anayekufa nazo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na miaka 15 kabla ya karamu hii mtunzi wa tanzia Euripides alikuwa amemfanya Medea, mwanamke wa tamthilia yake, aseme afadhali kusimama na ngao vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Wanaume wa Athens walikuwa wameshayasikia hayo kwa masikio yao.

Tena Diotima anapanga madaraja. Wenye mimba ya mwili, anasema, wanawaendea wanawake. Wenye mimba ya nafsi wanazaa hekima na uadilifu, na nani asingependelea watoto kama wa washairi Homer na Hesiod, yaani mashairi yao, au kama sheria za Lycurgus kule Sparta na za Solon hapa Athens, kuliko watoto wa kibinadamu? Watu wamejengewa mahekalu kwa ajili ya watoto wa aina hiyo, anaongeza, na kwa ajili ya wale wa kibinadamu hajajengewa mtu bado. Mwaka 1990 msomi David Halperin alichapisha insha yenye swali moja: kwa nini Diotima ni mwanamke? Jibu lake, kwa ufupi, halimfurahishi anayetafuta shujaa wa kike: wanaume wameazima sauti ya mwanamke ili wazungumze wao kwa wao, na mwanamke mwenyewe hayumo. Ukimkumbuka yule binti wa zumari, utaona Halperin hakutunga.

Kwenye madaraja hayo simtetei Diotima wala Plato. Mwanamke aliyejenga hoja nzima juu ya ndege anayekufa kwa ajili ya makinda, halafu akawaweka watoto wa damu chini ya Homer, amejikata mguu mwenyewe.

Lakini tazama kilichoibwa, kama ni wizi. Picha iliyokuwa tayari mkononi kwa mwanamume wa Athens aliyetaka kujisifu ni ile ya Apollo: mpanzi na shamba. Plato aliijua, katika kitabu chake kingine, Phaedrus, mwenye elimu anafananishwa na mkulima anayechagua udongo wa kupanda mbegu zake. Hapa ameiacha. Amemweka mwanafalsafa upande wa shamba, upande wa kubeba, kusubiri, kuzidiwa na kitu kisichotoka kwa amri. Mwanamume wa Diotima haanzi kwa kutia mimba. Anaanza akiwa nayo, na anahangaika kutafuta mahali pa kujifungulia. Kwa mji uliokuwa umeambiwa jukwaani kwamba mama ni chombo, kumwambia mwanamume kwamba hekima yake nayo inabebwa tumboni ni kumshusha kutoka farasi. Na huyu ni mwizi wa ajabu, anayemtaja mwenye mali kila ukurasa. Socrates yuleyule, katika Theaetetus, kitabu kingine cha Plato, anajitambulisha kuwa mtoto wa Phaenarete, mkunga, na kusema kazi yake ni ya mama yake: yeye ni tasa wa hekima, ila anawazalisha wengine na kukagua kama kilichotoka ni mtoto au ni yai viza.

Kisha kuna suala la malezi, ambalo wakosoaji na mashabiki wote wanalipita mbio. Mwenye mimba ya nafsi akishampata aliye mzuri na kuzaa naye, Diotima anasema, analea kilichozaliwa pamoja na mwenzake huyo, na ushirika wao huwa mkubwa kuliko ule wa wenye watoto wa mwili. Hata kileleni, aliyeuona Uzuri wenyewe anazaa uadilifu wa kweli, na kuulea. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwanamke wa Mantinea angeelewa bila mkalimani.

Kuna hoja nyingine inayoniuma zaidi kuliko ya wizi, na hiyo ni ya mwanafalsafa Gregory Vlastos, iliyochapishwa mwaka 1973. Anasema kwa Plato hatupendi watu. Tunapenda sifa zao. Mtu mzima, na meno yake mabovu na hasira zake za asubuhi, hana nafasi kwenye ngazi. Kinachopendwa ni kile kipande chake kinachofanana na Uzuri, na kikipatikana kwingine kwa wingi, yeye anabaki kuwa kipago kilichokwisha kukanyagwa. Ushahidi anao. Diotima anasema wazi kwamba anayepanda atadharau na kuona dogo lile penzi kali la mwili mmoja. Linganisha na mshairi Sappho wa Lesbos, karibu karne mbili kabla, akimwimbia binti yake Cleis: nina mtoto mzuri, umbo lake kama maua ya dhahabu, simtoi hata kwa Lydia yote, ile nchi tajiri. Hapo kuna mapenzi, kuna uzuri, kuna uzazi, na hakuna ngazi. Kuna Cleis.

Plato mwenyewe alijua. Socrates akishamaliza, mlango unagongwa na Alcibiades, mwanasiasa maarufu wa Athens, anaingia amelewa, ameegemea mpiga zumari mwingine, kichwani ana shada la mlangamia na urujuani. Anakataa kumsifu Eros. Atamsifu mtu mmoja tu, Socrates, na mambo anayoyasema hayawezi kusemwa juu ya mwingine yeyote. Mwanafalsafa Martha Nussbaum, mwaka 1986, aliijenga hoja yake juu ya kuingia huku: kwamba Plato ametuwekea mezani mapenzi mawili, la Uzuri wa wote na la mtu huyu mmoja, na hatuwezi kuyachukua yote.

Kwa Vlastos sina jibu kamili. Nina hesabu. Siku moja nilikaa na kurasa za ngazi nikatafuta mahali vitenzi vya kuzaa vinapotokea. Kwenye kipago cha kwanza, mpenzi wa mwili mmoja anazaa maneno mazuri. Kwenye nafsi, anazaa maneno yanayowafanya vijana kuwa bora, na hapo Diotima anaongeza kitu ambacho Vlastos angepaswa kukaa nacho zaidi: hata kama aliye na nafsi njema hana mvuto mkubwa wa sura, inatosha, ampende na amtunze. Kwenye bahari pana ya uzuri anazaa maneno na mawazo mengi, bila choyo. Kileleni anazaa uadilifu wa kweli. Mara nne, katika kurasa mbili. Halafu Diotima anatoa muhtasari: kutoka mmoja kwenda wawili, kutoka wawili kwenda miili yote mizuri, kutoka miili kwenda mienendo, kutoka mienendo kwenda elimu. Katika muhtasari huo kuzaa hakumo hata mara moja. Na muhtasari ndio unaonukuliwa, kwa kuwa ni mfupi na una neno ngazi.

Basi tumerithi ngazi iliyochunwa. Katika karne ya 3 BK, Plotinus, mfuasi mkubwa wa Plato, aliandika kuwa anayeupenda uzuri bila kutaka kuzaa anajitosheleza zaidi, maana anayetaka kuzaa anaonyesha upungufu. Yaani amemwondoa Penia kwenye ukoo. Kwa Diotima upungufu ndio mama wa Eros. Ukimfukuza mama, huyo unayebaki naye si Eros tena.

Ukirudisha uzazi kwenye vipago, hoja ya Vlastos inapungua nguvu bila kwisha. Anayepanda hamwachi aliyempenda mikono mitupu; kila alipokanyaga amezaa kitu na kukilea. Na kinachodharauliwa ni ule ukali wa kung'ang'ania mwili mmoja, si mtu mwenyewe. Lakini kileleni, pale anapozaa uadilifu wa kweli, hakuna anayetajwa kuwa naye. Anaulea na nani? Maandishi yananyamaza, na hapo Vlastos ananishinda.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alichukua nusu ya somo. Katika kitabu chake cha nafsi anasema kazi ya asili kabisa ya kila kilicho hai ni kufanya kingine kama chenyewe, mnyama mnyama, mmea mmea, ili kishiriki umilele kadiri kinavyoweza, si kwa kubaki kilekile bali kwa kubaki wa aina ileile. Ni Diotima huyu, bila ngazi na bila divai. Na Aristotle alikuwa na subira ya kutazama ambayo Plato hakuwa nayo. Alieleza mayai ya kuku yaliyopasuliwa kwa zamu. Baada ya siku tatu, katika ute, linaonekana tone la damu, nalo ni moyo. Linarukaruka na kutikisika kana kwamba lina uhai. Alieleza samaki wa jamii ya kambare ambaye baba ndiye anayebaki kulinda mayai, siku 40 au 50, akiwafukuza samaki wanaosogea.

Mtu aliyeona baba akilinda mayai ungemtarajia afike mbali. Lakini alipofika kwa binadamu alimrudia Apollo, kwa upole zaidi. Baba anatoa umbo, mama anatoa mali ghafi. Baba ni kama seremala, ambaye hakuna sehemu yake inayoingia kwenye ubao, au kama utomvu wa mtini unaogandisha maziwa. Na haikuwa kwamba zama zile hakukuwa na mawazo mengine. Madaktari wa mapokeo ya Hippocrates walikuwa wakifundisha kwamba mwanamke naye anatoa mbegu. Nikiwekewa mezani sayansi makini ya Aristotle, inayomfanya mwanamume seremala, na hadithi ya Plato, inayompa mwanamume mimba, najua ni ipi iliyomwona mama.

Ingawa ni Aristotle huyohuyo aliyemshika Plato pabaya. Katika Jamhuri, kitabu chake kuhusu dola bora, Plato anapanga uzazi wa walinzi wa dola kama mfugaji wa mbwa wa kuwinda: wanawake wazae kwa ajili ya dola kuanzia miaka 20 hadi 40, wanaume hadi 55, kura za kupangiwa wenzi zichezewe na watawala, watoto wapelekwe kwenye zizi la pamoja asijulikane wa nani. Humo hamna Eileithyia. Hamna kulea pamoja. Aristotle alijibu kwamba mapenzi ya namna hiyo yatakuwa majimaji, kama tone la utamu kwenye maji mengi, na kwamba afadhali kuwa binamu wa mtu kwelikweli kuliko kuwa mtoto wa watu wote. Anayetaka kumtetea Diotima hana budi kuitupa Jamhuri, angalau sura hiyo, na mimi naitupa bila majonzi.

Linabaki jela. Mwaka 399 KK, asubuhi ya siku ya mwisho ya Socrates, aliyehukumiwa kifo, rafiki zake wanaingia na kumkuta Xanthippe ameketi kando ya mumewe, amembeba mtoto wao. Xanthippe analia. Socrates anamtazama rafiki yake Crito: mtu ampeleke nyumbani. Anaondolewa akipiga kelele na kujipiga kifua. Halafu wanaume wanazungumza siku nzima juu ya kutokufa kwa nafsi. Hoja ya Diotima haitajwi hata kidogo, wakati ndiyo iliyokuwa imesema kiumbe afaye hushiriki umilele kwa njia moja tu. Jioni wanaletewa watoto, wawili wadogo na mmoja mkubwa, pamoja na wanawake wa nyumbani. Anazungumza nao, kisha anawaagiza waondoke.

Mahakamani, siku alipohukumiwa, alikuwa ameomba jambo moja: wanangu wakikua, wakijali mali kuliko uadilifu, wasumbueni kama nilivyowasumbua ninyi. Miongo kadhaa baadaye Aristotle, akieleza jinsi koo bora zinavyochakaa, aliandika kwamba uzao wa watu wenye akili kali huishia kwenye wendawazimu, kama wa Alcibiades, na wa watu watulivu huishia kwenye upumbavu na uzito wa akili, kama wa viongozi wa Athens Cimon na Pericles, na wa Socrates. Ni mstari mmoja, katika kitabu cha ufasaha wa kuzungumza. Hasemi ni nani aliyewalea wale wavulana watatu. Mmoja wao, siku ile jela, alikuwa bado anabebwa.